Señorita hana mume, señorito hana kazi

Fomu nyingi za ofisi za umma nchini Hispania, iwe ni ya kuomba cheti au ya kukatia rufaa faini ya barabarani, huanza na mstari uleule: “D./D.ª ........, con DNI n.º ........”. D yenye nukta ni don, neno la heshima la mwanamume. D yenye nukta na herufi a ndogo iliyopandishwa juu ni doña, la mwanamke. Unajaza jina, unajaza namba ya kitambulisho, unaendelea na shida iliyokuleta. Hakuna mahali mwanamke anapoulizwa kama ana mume, ameachika au amefiwa.

Nimeanza na fomu kwa sababu vitabu vya kujifunzia Kihispania huanzia kwingine. Señora ni aliyeolewa, señorita ni ambaye hajaolewa: hilo ni somo la pili au la tatu, na ndivyo wanavyoelewa wengi waliozoea telenovela za Meksiko zilizotiwa sauti ya lugha nyingine. Ndivyo pia anavyokariri mwongoza watalii wa Arusha anayejifunza lugha hii ili apewe wageni wa Madrid na Buenos Aires. Kamusi inakubaliana nao, sibishi. Lakini kanuni hiyo ukiibeba kama ilivyo mpaka mtaani itakuangusha mara nyingi kuliko itakavyokufaa. Señora, señorita na doña hupima umri, tabaka na kazi kabla ya kupima ndoa, na anayepima ni msemaji, kwa macho, hata kabla hajaambiwa jina.

Asili ya maneno yenyewe inaonyesha hivyo. Señor limetokana na Kilatini senior, yaani aliyezidi kwa umri. Ni mzee yuleyule wetu, aliyegeuka kuwa bwana kwa kuwa mwenye umri ndiye aliyekuwa na ardhi na amri. Señora ni mwenzake wa kike: bibi mkubwa, mwenye kaya. Doña limepitia njia nyingine, kutoka domina, mwanamke mwenye nyumba, na ndugu yake wa tumbo moja ni dueña, neno ambalo hadi leo maana yake ni mwenye mali wa kike. Katika yote hayo hakuna pete. Kuna funguo za ghala.

Ushahidi mzuri kuliko wote uko makanisani na kwenye ramani. Mama wa Yesu, ambaye Wakatoliki humwita Bikira, kwa Kihispania ni Nuestra Señora. Mji wa Asunción, Paraguay, ulioanzishwa mwaka 1537 na La Paz, Bolivia, wa mwaka 1548 yote ilibatizwa kwa cheo hicho: Nuestra Señora ya kupalizwa, Nuestra Señora ya amani. Kama señora lingekuwa neno la ndoa kwanza, lisingepewa bikira mashuhuri kuliko wote. Lilipewa yeye kwa sababu lilikuwa neno la enzi.

Mpwani asome hapo bila haraka, kwa sababu tunalo neno lililokaa kwenye kiti hichohicho. Mwana, katika majina kama Mwana Mkisi anayetajwa kuwa malkia wa kale wa Mombasa, hukaa mbele ya jina la mtu mwenyewe, humtukuza, wala haliulizi habari za mume. Doña nalo ni hivyo. Hukaa mbele ya jina la kupewa: doña Carmen, doña Isabel. Mkewe mfalme wa sasa wa Hispania huandikwa na magazeti doña Letizia, na mama mkwe wake doña Sofía. Hata huku Afrika, Guinea ya Ikweta, ambako Kihispania ni lugha ya serikali, mke wa rais huandikwa doña Constancia Mangue de Obiang. Utaratibu ni huo: cheo, jina lake, ukoo wake, kisha ndipo mume anapoingia, mwishoni, kwa kihusishi de.

Señorita ni habari nyingine. Ni señora iliyodogeshwa kwa -ita, kama vile sisi tungesema kibibi, na mwanzoni ilikuwa lugha ya watumishi wa ndani: binti wa mwenye nyumba. Mwana wa kiume wa nyumba hiyohiyo aliitwa señorito. Maneno mapacha, yaliyolelewa jiko moja. Angalia yalikoishia. Señorita alikua akawa mwanamke yeyote asiye na mume. Señorito akawa kijana wa tajiri asiyeshika jembe. Andalucía, kusini mwa Hispania, nchi ya mashamba makubwa ya mizeituni, señorito ni yule aliyepita juu ya farasi huku vibarua wamesimama uwanjani wakingoja kuitwa kwa kazi ya siku, na neno hilo bado linauma huko. Mwanamume wa miaka 40 ambaye hajaoa hakuna karani anayemuuliza, “Wewe ni señor au señorito?” Atakuwa amemtukana. Dada yake, wa umri uleule na hali ileile, ameulizwa swali hilo benki, hospitali na dukani maisha yake yote, tena kwa tabasamu.

Na swali lenyewe limebeba mizigo asiyoijua mgeni. Sehemu nyingi za Amerika ya Kihispania, msichana akivunja ungo husemwa ya se hizo señorita, amekuwa señorita. Mwanamke akisemwa todavía es señorita, maana yake ni kwamba hajaguswa. Sisi tuliozoea mwali na mambo yake hatuhitaji kufafanuliwa zaidi. Kwa hiyo ukimuuliza mwanamke mzima kaunta, mbele za watu, kama ni señora au señorita, umeuliza juu ya ndoa yake na pengine juu ya mwili wake. Wako wanawake wa umri mkubwa wasioolewa, hasa Meksiko, wanaodai waitwe señorita kwa ukali kabisa, na wana hoja: kwao ni suala la heshima ya nyumba walikolelewa, si ujana. Ukimkuta wa namna hiyo mpe anachodai bila kumtolea hotuba ya usawa.

Kisha kuna señorita ya kazi, ambayo haina habari na ndoa hata kidogo. Kamusi ya Real Academia Española, taasisi ya lugha ya Kihispania, inaitaja waziwazi: hupewa walimu wa kike, makatibu, wahudumu wa ofisi na wa maduka. Mtoto wa shule ya msingi Andalucía au Argentina humwita mwalimu wake seño, kifupi chake, hata kama mwalimu ana wajukuu watano. Mezani mteja huita “¡Señorita!” ili aletewe bili. Hapo neno limekoma kusema “huna mume” na limeanza kusema “wewe unanihudumia”. Mteja huyohuyo akikutana na mhudumu huyohuyo kanisani Jumapili amevaa vizuri, atamwita señora bila kufikiri.

Hapa ndipo Wameksiko wa sokoni wameonyesha akili kuliko wanasarufi. Señora na señorita yanaanza na silabi zilezile mbili, basi muuza nyanya husema seño na kumeza kinachofuata. Mnunuzi aliyeolewa anasikia señora, asiyeolewa anasikia señorita, biashara inaendelea. Seño hiyo si ile ya darasani Hispania, na mgeni akizichanganya atashangaa kwa nini kila mwanamke mwenye kikapu ni mwalimu. Masoko ya Meksiko yana pia marchanta kwa mteja wa kila siku na güerita, ambalo maana yake ni “mweupe kidogo” lakini huitiwa mtu wa rangi yoyote. Peru mteja na muuzaji huitana casera, kwa ubembelezi caserita. El Salvador mwanamke mzee anayeheshimiwa ni niña Tere au niña Lupe, neno ambalo Madrid maana yake ni mtoto wa kike. Nyanda za juu za Kolombia, Boyacá na Cundinamarca, utasikia sumercé, mabaki ya su merced, “hisani yako”, na mtu huambiwa hivyo bila kuangaliwa kidole wala mvi.

Tabaka ndilo kina kirefu zaidi. Mwaka 1586 Felipe wa Pili, mfalme wa Hispania, alitoa amri ya kupunguza vyeo vilivyokuwa vimefura, akataka hata yeye mwenyewe aandikiwe Señor tu juu ya barua, basi. Upande wa pili wa Atlantiki, makoloni yalikuwa yanavitumia vyeo hivyohivyo kama ungo wa kuchekechea watu. Katika vitabu vya ubatizo na ndoa vya parokia za enzi hiyo, bibi harusi wa familia ya Kihispania huandikwa doña, huku mwanamke Mwafrika au Mwenyeji wa Amerika mara nyingi akiandikwa kwa jina tupu. Wanahistoria leo hulisoma neno hilo moja kama kipimo cha hadhi, kwa sababu karani wa parokia hakulitupa ovyo.

Vijiji vya Castilla, katikati ya Hispania, vilikuwa na ngazi tatu zilizo wazi mpaka karne iliyopita. Mke wa daktari au wa mwenye mashamba, na mwalimu wa shule, alikuwa doña Francisca. Mke wa fundi mwenye kiasi chake alikuwa la señora Francisca. Mke wa mkulima wa kawaida alikuwa la tía Paca, “shangazi Paca”. Jina ni moja, Paca ni Francisca aliyefupishwa, lakini heshima ni tatu. Leo tía Madrid ni neno la vijana wanapoitana, kama “wewe mwanangu”, na ngazi ile imebaki kwenye kumbukumbu za wazee. Amerika ya Kihispania señora Carmen ni heshima ya kila siku, haina harufu ya kijiji. Ndiyo maana mtu aliyejifunzia Lima, Peru, na aliyejifunzia Valladolid, huko Castilla, hawatakubaliana kuhusu neno hilo, na wote wawili wako sawa.

Ndani ya nyumba za matajiri wa bara hilo ngazi bado inasimama. Mfanyakazi wa ndani humwita mwajiri señora, watoto wa nyumba huwaita niño na niña hata wakiwa na ndevu, na yeye huitwa kwa jina tupu au muchacha, “msichana”, hata akiwa na miaka 55. Kwetu dada wa kazi humwita mwajiri “mama” au “madamu”, na yeye huitwa “dada” na watu wanaomzidi umri. Angalau “dada” ni neno la ukoo. Muchacha si la ukoo.

Sasa tuje kwenye makosa ya mikono yetu wenyewe, kwa sababu msemaji wa Kiswahili ana kosa lake maalumu ambalo Mfaransa au Mreno halimpati. Sisi heshima tunaiweka kwenye neno la kuitia na kwenye salamu. Kitenzi hakibadiliki: “Mama, unataka maji?” na “Mtoto, unataka maji?” ni unataka ileile. Kihispania huweka heshima ndani ya kitenzi. Kuna tú, wewe wa karibu, na kuna usted, wewe wa adabu, lililotokana na vuestra merced, na usted huchukua kitenzi cha nafsi ya tatu, kana kwamba unamzungumzia mtu mwingine. Mwanafunzi wetu husema, “Señora, ¿quieres agua?” Ameweka heshima yote kwenye señora, halafu akaivunja kwa s ya mwisho ya quieres. Inayotakiwa ni “Señora, ¿quiere agua?” Herufi moja imeondoka, sentensi imekaa sawa. Mfano mwingine ni wa kuomba radhi: perdona kwa rafiki, perdone kwa usiyemjua. Vokali moja.

Nasisitiza hili kwa sababu kitenzi kikiwa sahihi, cheo hakihitajiki. Hispania ya leo, ambako muuza duka wa miaka 20 humwambia mteja wa miaka 60 tú bila kupepesa, kumwita mwanamke wa miaka 35 señora kunasikika kama kumhesabia mvi. Wengi huikumbuka siku ya kwanza walipoitwa hivyo, na hawaikumbuki kwa furaha. Kwetu kuongezewa umri kunahesabiwa zawadi, ingawa hata Dar es Salaam wapo wanaoipokea shikamoo kwa kununa. Ushauri wangu kwa mwongoza watalii au mhudumu wa hoteli ya Zanzibar ni kusema “Perdone, ¿me permite?” na kutabasamu. Usimtaje señora wala señorita. Akiwa Mkolombia mambo yanageuka: kule “sí, señora” ni jibu la kila saa, watoto huwajibu mama zao hivyo, na mtu asiposikia vizuri huuliza “¿Señora?” mahali ambapo sisi tungesema “Abee?”. Ukimnyima neno hilo atakuona mkavu.

Majina ndiyo yanayoharibu baruapepe nyingi kuliko kitu kingine. Mhispania ana majina mawili ya ukoo: la kwanza kwa kawaida la baba, la pili la mama. Tangu mwaka 2017 Hispania wazazi hukubaliana wenyewe lipi litangulie, ingawa mazoea hayajavunjika. Chukua mfano wa kubuni: María del Carmen Ruiz Ortega. Jina lake ni María del Carmen, ukoo wake ni Ruiz, na Ortega ni wa upande wa mama. Wewe uliyezoea kwamba neno la mwisho ndilo la ukoo utamwandikia Sra. (yaani señora) Ortega, na barua yako itafika kwenye meza ya mtu mwingine. Ni Sra. Ruiz. Ukikuta limeandikwa M.ª Carmen, M.ª si herufi ya kwanza ya jina la siri, ni María kwa kifupi.

Tuseme ameolewa na Pedro Molina Vega. Anabaki Ruiz Ortega kwenye kitambulisho, pasipoti na mlango wa ofisi yake. Watoto watakuwa Molina Ruiz. Ukimwita señora Molina umemtafuta mtu asiyekuwepo, maana hata mama yake Pedro si Molina, Molina ni wa baba yake Pedro. La señora de Molina, lenye de, maana yake ni mke wa Molina, na Hispania limebaki kwenye kadi za zamani za harusi. Argentina iliwahi kulifanya sheria: mwaka 1969 mwanamke aliyeolewa aliamriwa kuongeza de na ukoo wa mume, na mwaka 1987 ikawa hiari yake. Ndiko lilikotoka jina la Cristina Fernández de Kirchner, aliyekuwa rais wa nchi hiyo.

Doña na señora hayashiki jina moja. Doña hushika jina la kupewa, peke yake au na ukoo nyuma yake: doña Carmen, doña Carmen Ruiz. Doña Ruiz haipo. Señora, katika lugha rasmi, hushika ukoo, señora Ruiz, na kwenye bahasha rasmi sana yote mawili hupangwa: Sra. D.ª Carmen Ruiz Ortega. Ukimzungumzia mtu, señora hutaka kibainishi, neno dogo “la”, mbele yake, la señora Ruiz llegó, lakini ukimwita yeye mwenyewe “la” huondoka: buenos días, señora Ruiz. Doña hakitaki kamwe. Kosa la “la doña Carmen” katika lugha ya adabu hutokana na kuyachukulia maneno haya mawili kuwa jamii moja.

Maandishi yana masharti yake. Neno kamili huandikwa kwa herufi ndogo, señora Ruiz, na kifupi kwa herufi kubwa, Sra. Ruiz. Vifupi ni Sra., Srta., D.ª au Dña.; Amerika utaona pia Srita. Simu isiyo na ª ikubali Dña. na ufunge mjadala. Ukoo wenye De la Cruz, ukitanguliwa na cheo bila jina la kupewa, De hupanda: señora De la Cruz. Ñ ni ny yetu ya nyanya, wala hatuhitaji mazoezi. Na mkazo wa señora, doña na señorita uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama Kiswahili kinavyopenda. Señor ndilo gumu, linakatika kwenye r, na ulimi wetu hutaka kuongeza i. Kuipata ñ kwenye Windows shika Alt na uandike 164 upande wa namba. Kwenye simu bonyeza n bila kuachia. Kuacha kimstari cha juu ya n ni kosa la tahajia, si uvivu wa kusamehewa: año ni mwaka, ano ni sehemu ya mwili isiyotajwa mezani.

Kuna wanaotaka señorita ifutwe kwa amri. Ujerumani Magharibi iliondoa Fräulein kwenye lugha ya ofisi mwaka 1972, na Ufaransa ikaondoa mademoiselle kwenye fomu kwa waraka wa Waziri Mkuu François Fillon mwezi Februari 2012. Mimi naona amri ya namna hiyo Kihispania haikihitaji sana, kwa sababu dawa imo kabatini. D.ª haijawahi kuuliza habari za mume. Miongozo ya lugha ya taasisi nyingi za umma za Hispania inashauri señora kwa kila mwanamke mzima, na inatosha. Wenye kung’ang’ania Srta. kwenye maandishi ya kikazi hawaitetei mila kongwe. Mila kongwe ni doña.

Pamoja na hayo, vyeo vya kazi vinazidi kuyasukuma maneno haya pembeni. Ofisi za Meksiko mwanamke mwenye shahada ni licenciada, Lic. kwa kifupi, au ingeniera, au doctora. Kolombia doctora hupewa mwanasheria na hata meneja ambaye hajawahi kugusa tasnifu. Hispania imekwenda kinyume: kanuni ya maadili ya serikali ya mwaka 2005 iliwavua mawaziri ule utukufu wa Excelentísimo ikasema inatosha señor au señora na jina la wadhifa, hivyo waziri ni señora ministra. Bungeni wote ni señoría, mwanamume kwa mwanamke, sawa kabisa na Mheshimiwa wetu. Na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Meksiko inayo presidenta, Claudia Sheinbaum, anayetaka ile a ya mwisho isikike. Wanaolalamika kwamba presidenta ni neno la kubuniwa juzi waambiwe lilikuwa kwenye kamusi ya Academia tangu mwaka 1803.

Kwa mfasiri wa Kiswahili, doña Carmen ni Bi. Carmen, hakuna cha kuhangaika: Bi. nayo hushika jina la kupewa na haina habari na mume. Señora Ruiz hugeuka Bi. Ruiz. Epuka Mama Ruiz, msomaji atatafuta mtoto anayeitwa Ruiz. Señorita lina mtego wa kuchekesha, maana ukiandika binti Ruiz utakuwa umesema kweli kuliko ulivyokusudia: Ruiz ni baba yake. Katika hadithi ambako msemaji anamwita mhudumu, “dada” ndilo neno, na ambako anataniwa msichana wa mtaani, kila mji una lake. Mi señora kwenye kinywa cha Mchile si bibi yeyote mkubwa, ni mke wangu; mwenzake wa Hispania husema mi mujer. Bahati nzuri Kiswahili cha zamani kilikuwa na “bibi yangu” yenye maana hiyohiyo, kabla bibi hajahamia kwa nyanya.

Barua ya kwanza kwa mwanamke usiyemjua iandike “Estimada señora Ruiz:” na nukta pacha, si mkato, kisha ushuke mstari na uanze kwa herufi kubwa. Kama humjui jina wala jinsia, “Estimados señores:” bado inapita, ingawa “Estimados señores y señoras:” ni salama zaidi siku hizi. Vitenzi vyote ndani viwe vya usted. Akijibu na kusaini Carmen Ruiz, endelea hivyohivyo. Akisaini Carmen peke yake na kitenzi chake kikiwa cha tú, barua yako ya pili iwe “Estimada Carmen:” au hata “Hola, Carmen:”, na tú ndani yake. Ukimrudishia Sra. Ruiz baada ya hapo, atadhani umekasirika.